Mlinganyo wa kipeo cha tatu: kupata umbali mfupi kabisa kutoka nukta hadi mkunjo

Unapotafuta mkunjo unaolingana na data, kama x na y zote zimepimwa kwa makosa, kupima umbali wa wima tu kunapotosha. Tunataka umbali mfupi kabisa kutoka kila nukta ya data hadi kwenye mkunjo, na hapo ndipo kipeo cha tatu kinapojitokeza. Tutumie mkunjo y = ax², tukitafuta a.

Hatua ya 1. Nukta ni (m, n). Mraba wa umbali ni (x − m)² + (ax² − n)². Mteremko wake ukiwa sifuri:

2a²x³ + (1 − 2an)x − m = 0

Hatua ya 2. Gawa kwa 2a² upate x³ + Px + Q = 0. Kipeo cha pili hakimo, kwa hiyo kazi imepungua nusu.

Hatua ya 3. Kokotoa D = (Q/2)² + (P/3)³. D ikiwa chanya, jibu halisi ni moja, na kanuni ya Cardano ya mwaka 1545 inatosha: u ni kipeuo cha tatu cha (−Q/2 + √D), kisha x = u − P/(3u). D ikiwa hasi, majibu ni matatu, na kanuni hiyo inakuingiza kwenye vipeuo vya namba hasi. Tumia kosine:

θ = ⅓ arccos[(3Q/2P)√(−3/P)]
x = 2√(−P/3) · cos(θ − 2πk/3), k = 0, 1, 2

Tujaribu a = 1, nukta (0.5, 3). P = −2.5, Q = −0.25, θ = 0.4686. Majibu: 1.629, −0.100 na −1.529. Umbali: 1.181, 3.050 na 2.134.

Tazama hilo la katikati. Kwenye mchoro wa umbali, si chini ya bonde, ni juu ya kilima! Programu yangu ya kwanza ilikuwa ikilichukua bila kulalamika, nami nikamaliza siku mbili nikilaumu data.

Hatua ya 4. m ikiwa chanya, chukua jibu kubwa kabisa (k = 0); ndilo pekee lililo chanya. m ikiwa hasi, geuza alama yake, kokotoa, kisha geuza alama ya x.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini tusitumie njia ya Newton tu (kukisia x, kisha kuirekebisha hatua kwa hatua)?*
Jaribu kuanzia x = 0.5, yaani m yenyewe. Hatua ya kwanza inakutupa −0.286, ya pili −0.090, kisha unatulia −0.100: jibu la mbali kuliko yote matatu. Newton ni mzuri wa kusafisha desimali za mwisho, basi.

*Mimi θ yangu ni 26.85. Nimekosea wapi?*
Hujakosea, ndugu, kikokotoo chako kiko kwenye digrii. Ila kwa k = 1 toa digrii 120, usitoe 2π/3.

*a ikikaribia sifuri?*
Usigawe kwa 2a². Mkunjo umekuwa karibu mstari wa mlalo, x ≈ m. Anza hapo na Newton kwenye mlinganyo wa Hatua ya 1.

*Nikibadilisha a, x nazo zinabadilika. Mteremko wa jumla ya miraba ya umbali naupataje?*
Kila x tayari iko chini ya bonde lake, kwa hiyo badiliko lake halichangii kitu. Jumlisha 2x²(ax² − n) kwa nukta zote. Ukishasogeza a, rudia kuanzia Hatua ya 2 kwa kila nukta.