Kisu cha kukunja cha chomboni: namna ya kulinganisha vinavyofunguka upesi kabla hujatoa pesa

Mpwa wangu alirudi Lamu kutoka Mombasa na kisu cha springi. Akakaa nami barazani, akakifungua, tak! Akakifunga. Tak tena. "Mjomba, umeona kasi?" Nikamwambia nimeiona, sasa nenda kachovye mkono kwenye ile ndoo ya changu kisha unifungulie. Mara ya tatu kilimponyoka, kikatua karibu na kidole gumba cha mguu wake. Ndipo tukavitoa visu vyote vya nyumbani, tukavijaribu kimoja kimoja. Nawaandikia tulivyofanya.

Tafuta ndoo ya maji ya bahari, samaki mbichi ambaye hajatolewa magamba, kipande cha kamba ya nailoni na taulo kuukuu.

Hatua ya 1: jua kinavyofunguka. Kuna cha kuvuta kwa ukucha, mikono miwili, kama Opinel ya Ufaransa. Kuna chenye kinundu pembeni mwa bapa, unakisukuma kwa dole gumba. Kuna chenye tundu la mviringo kwenye bapa lenyewe, jambo ambalo Spyderco wa Marekani walilianza mwaka 1981. Kuna chenye kipezi kinachochomoza nyuma ya mpini, unakibonyeza kwa kidole cha shahada bapa likaruka. Na kuna cha springi ya kusaidia: wewe unaanza, springi inamalizia. Hicho cha mwisho si sawa na kile cha kubonyeza kitufe, ingawa wauzaji huviita vyote "otomatiki".

Hatua ya 2: kikung'ute kikiwa kimefungwa. Kishike mpini juu, upande wa bapa ukitazama chini, ukitikise kwa nguvu. Ndani ya vingi mna kigololi kidogo au springi inayolibana bapa lisitoke. Likitoka lenyewe, kirudishe dukani. Na usikitie mfukoni ukiwa njiani kukirudisha.

Hapa sisi wa pwani tuna shida ambayo waliovitengeneza hawakuifikiria. Kibanio cha pembeni kimetengenezwa kwa mfuko wa suruali. Mimi chomboni navaa kikoi. Kibanio kwenye mkunjo wa kikoi huteleza, kisu kikashuka mpaka mahali ambapo hutaki kisu kifunguke. Vile vya kampuni ya Emerson vyenye ndoano mgongoni mwa bapa, vinavyojifungua unapovichomoa mfukoni, kwenye kikoi havina mfuko wa kunasa, hunasa kitambaa. Nimeshatoboa kikoi kizuri hivyo. Siku hizi chaguo langu ni kisu chenye tundu mwisho wa mpini, napitisha ugwe nakifunga kiunoni.

Hatua ya 3: mkono uliolowa. Mpapase samaki mpaka kiganja kijae ute, kisha fungua mara 10 kwa mkono wa kulia na mara 10 kwa kushoto, juu ya mchanga. Hesabu ulizokosa. Mkono wa kushoto usiuruke: wavu ukikimbia baharini na mguu wako umenaswa na kamba, huenda wa kulia uko kwenye usukani. Kwetu kinundu kilikosa sana, kwa kuwa ni kidogo na dole hupita juu yake. Kipezi kilifunguka vizuri, ila bapa likiruka mpini nao huruka mkononi. Tundu halikukosa. Dole linazama ndani hata likiwa na ute.

Hatua ya 4: kufuli, yaani kile kinachozuia bapa lililo wazi lisijikunje. Kunja taulo, bonyeza mgongo wa bapa juu yake, vidole mbali na njia ya makali. Kikijifunga, basi hakifai. Usikigonge mezani kama vijana wa video.

Hatua ya 5: skrubu ya bawaba. Hapa niombe subira yenu.

Kisu kikianza kufunguka kwa uzito, kila mtu atakwambia legeza skrubu. Nami niliambiwa. Kilikuwa cha springi (ndiyo, nami niliwahi kukinunua), kilichokaa chomboni kaskazi nzima. Nikalegeza robo mzunguko: bapa likacheza kushoto na kulia, na bado zito. Nikakaza: halifunguki kabisa. Nikasema nitakifungua chote. Skrubu zina kichwa cha nyota ya pembe sita na zimetiwa gundi ya kuzuia kulegea. Bisibisi yangu haikuwa saizi yake, kichwa cha moja kikalika. Nikapasha moto, ikatoka. Nilipoinua ubavu wa mpini springi iliruka ikapotelea mchangani mbele ya nyumba. Nilianza baada ya alasiri, magharibi ikaadhiniwa niko bado nachekecha mchanga kwa chujio la chai la mke wangu.

Springi sikuipata. Nilichokipata ni chumvi, nyeupe na ngumu kama chokaa, chini ya washa, vile vipete vyembamba vya kwenye bawaba. Skrubu haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla ya kugusa bisibisi, kizamishe kisu kwenye maji matamu ya vuguvugu kwa dakika 20, kifungue na kukifunga humohumo, kikaushe, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi usitie, hunata na kuokota vumbi. Kama bado ni kizito, zungusha skrubu kidogo sana, chini ya robo, ujaribu kila mara. Bapa likicheza kwenda kushoto na kulia, hapo ni skrubu. Likicheza juu na chini, ni kufuli, na skrubu haitasaidia kitu. Chenye beringi ndogondogo ndani huteleza kama siagi siku ya dukani, lakini mchanga na chumvi huingia humo na kukwama. Cha baharini nataka washa za kawaida.

Hatua ya 6: kata kamba. Makali ya meno kwa nailoni, laini kwa samaki. Kama ni kimoja tu, chukua cha meno chenye ncha butu. Wimbi likikusukuma hujichomi.

Opinel yangu namba 8, bapa la sentimita 8.5, imebaki jikoni. Pete yake ya kufungia, waliyoiongeza mwaka 1955, naipenda kuliko kufuli zote, lakini mpini wa mbao hunywa maji ukavimba, na bapa halitoki bila kupigana nalo. Mpwa wangu amechagua Spyderco ya tundu yenye chuma cha H1, kilichotiwa naitrojeni na kaboni kidogo mno, hakishiki kutu. Bei yake ilimtoa jasho. Wiki ijayo anasafiri kwa ndege kutoka Manda, na nimeshamwambia mara mbili akitie kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi.