Jinsi ya kuunda kizimba cha molekuli kwa paladiamu, na kujua kama kweli umekipata

Mtu akisikia vizimba vya molekuli, yaani molekuli zenye uwazi ndani unaoweza kubeba molekuli nyingine, anadhani kuna mahali watu wanakaa wanaunganisha kipande kimoja kimoja, hapana, hivi vitu vinajiunda vyenyewe kwenye chupa. Kazi yako we ni kuchagua vipande vyenye pembe sahihi, kuchanganya kwa uwiano sahihi afu kuvipa muda, kwa iyo ugumu uko mwanzoni kwenye kuchagua na mwishoni kwenye kuthibitisha, hapo katikati ni kuchanganya na kusubiri tu.

Tuchukue kizimba kidogo kabisa cha Pd2L4, yaani ioni mbili za paladiamu (atomi za metali zenye chaji) na ligandi nne (molekuli zinazojishikiza kwenye metali, ndo hiyo L). Ioni ya paladiamu(II) inashika vitu vinne kwenye bapa moja, kila kimoja nyuzi 90 kutoka kwa jirani yake. Ligandi yetu ina naitrojeni mbili za kushikia, moja kila mwisho, sasa ukipiga hesabu unaona kila ioni moja inataka ligandi mbili. Ila uwiano peke yake haukwambii utapata nini, maana Pd2L4, Pd3L6 na hata Pd12L24 zote ni moja kwa mbili, kinachoamua ni pembe kati ya ncha mbili za ligandi. Kundi la Makoto Fujita wa Japani lilionyesha hili vizuri sana mwaka 2010: ligandi yenye furani katikati (pete ndogo yenye oksijeni), pembe nyuzi 127, ilitoa tufe la Pd12L24, ile yenye thiofeni (pete kama hiyo ila yenye salfa), nyuzi 149, ikatoa Pd24L48, na walipochanganya hizo ligandi mbili kwa viwango tofauti wakakuta mfumo unaruka kutoka tufe moja kwenda jingine pembe ya wastani ikipita kati ya 131 na 134, bila kitu cha katikati. Yaani nyuzi chache tu.

Sisi tunataka kile kizimba kidogo cha Pd2L4 kwa hiyo tunataka mikono miwili iliyo sambamba, inayoangalia upande mmoja. Ligandi inayofaa ni pete ya benzeni yenye mkono kwenye nafasi ya 1 na mwingine nafasi ya 3, kila mkono ni kaboni mbili zenye kifungo cha tatu, afu mwishoni pairidini (pete kama benzeni ila yenye naitrojeni moja, ndo ile ya kushikia) iliyoungwa kwenye nafasi yake ya 3. Hiyo 3 ya mwisho usiichezee, ukiagiza au ukitengeneza yenye 4 mikono inafunguka na unaelekea kwenye yale matufe makubwa. Uzito wake wa moli ni gramu 280.3.

Chumvi ya paladiamu tumia ile ya tetrafluoroborati (ioni hasi isiyoshika metali) yenye molekuli nne za kiyeyushi cha asetonaitraili, uzito wa moli gramu 444.2. Asetonaitraili imejishikiza kilegevu tu, ikiona pairidini inapisha. Usije ukatumia kloraidi ya paladiamu kwa sababu ndo iko kabatini, kloraidi inang'ang'ania ioni na pairidini haipati nafasi. Na chumvi za pakloreti ziache, zinaweza kulipuka. Kuna watu wanauliza kwanini sio platinamu, inawezekana, ila vifungo vyake vinaachia polepole mno, na uzuri wote wa hii kazi uko kwenye kuachia: pairidini ikikaa vibaya inatoka inakaa tena, inatoka inakaa tena, mpaka umbo linafunga lenyewe.

Vipimo sasa. Ligandi miligramu 5.6, hiyo ni maikromoli 20, paladiamu miligramu 4.4, maikromoli 10, DMSO ya dyuteri (kiyeyushi chenye hidrojeni nzito, ili kisionekane kwenye kipimo cha NMR) mililita 1. Ukikosea nusu miligramu kwenye paladiamu umeshakosea zaidi ya asilimia 10, kwa iyo mi nashauri upime kiasi kikubwa, utengeneze myeyusho wa kila kimoja, afu uchanganye kwa ujazo. Vaa glavu, na sio kwa mazoea tu, DMSO inapenya ngozi na inabeba vilivyoyeyuka ndani yake. Pasha mpaka nyuzi joto 70 za Selsiasi, mara nyingi masaa machache yanatosha ila ukiacha usiku kucha hakuna hasara. Ukungu mwanzoni usikutishe, ila ukiona vumbi jeusi ujue paladiamu imerudi kuwa metali, chuja, anza upya na punguza moto.

Haya, umepata? Myeyusho msafi sio ushahidi. Piga NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila aina ya hidrojeni kama mstari kwenye skeli ya ppm, ya ligandi peke yake na ya mchanganyiko, kiyeyushi kilekile. Protoni (yaani hidrojeni) zilizo jirani na naitrojeni zitakuwa zimehamia kwenye ppm kubwa zaidi, na idadi ya mistari ibaki kama ya ligandi tupu sababu ligandi zote nne zinafanana. Ukiona mistari ya zamani bado ipo pembeni, ligandi imezidi, ongeza paladiamu kidogo kidogo.

Hapa ndo wengi wanaingia mtegoni. Pd3L6 nayo ligandi zake zote zinafanana, kwa iyo NMR yake itakuwa safi vilevile! DOSY, aina ya NMR inayopima mwendo wa molekuli kwenye myeyusho, inasaidia, inakwambia kila mstari unasafiri kwa kasi moja na kitu kina ukubwa gani, ila mwamuzi ni spektromita ya masi, mashine inayopima masi ya ioni ikigawanywa kwa chaji yake. Tafuta 333.5 ya chaji 4+, 473.7 ya 3+ yenye tetrafluoroborati moja, na 753.9 ya 2+ yenye mbili. Sasa angalia, Pd3L6 ya chaji 6+ nayo inaangukia 333.5 hapohapo, kwa iyo ile namba peke yake ni bure, kuza uone nafasi kati ya vilele vya isotopu (atomi za aina moja zenye masi tofauti kidogo): ikiwa 0.25 ni chaji 4, ikiwa 0.17 ni chaji 6. Angalia pia 417.6, hiyo ni ya Pd3L6 tu, isiwepo.

Kukitoa ni rahisi, mimina ethili asetati mpaka mashapo yashuke, chuja, osha. Ukitaka fuwele, weka kichupa wazi chenye myeyusho wa kizimba ndani ya chupa kubwa yenye eta (kiyeyushi kinachovukiza haraka), funga, usiguse, na zikitokea usizikaushe, zinapasuka.

Ukitaka kuweka kitu ndani, hamia kwenye asetonaitraili, DMSO inagombania nafasi. Kundi la James Crowley wa New Zealand mwaka 2012 walitumia ndugu wa kizimba hiki, chenye pairidini katikati badala ya benzeni, kikabeba molekuli mbili za sisplatini (dawa ya saratani), na kuzitoa walitumia kloraidi, ileile tuliyoikimbia kule juu. We ongeza mgeni, yaani hicho kitu unachotaka kiingie, kidogo kidogo huku unaangalia protoni inayotazama ndani, ikisogea yenyewe na za nje zimetulia, kuna kitu kimeingia. Ila ikirudi mistari ya ligandi tupu, mgeni wako hajaingia, amekivunja kizimba.