Kiingereza cha mambo ya kila siku kwa wanaopeleka wageni Gombe

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana wa boti hapa Kigoma aliyetaka kuwaeleza wageni wa Hifadhi ya Gombe, kwa Kiingereza, mambo ambayo sokwe hufanya kila siku. Kiingereza huyasema kwa wakati uitwao "present simple", na ndio tunaojifunza hapa. Chukua daftari na penseli. Programu ya kutafsiri iweke kando kwanza. Itakupa jibu bila kukuonyesha njia.

1. Andika sentensi kwa Kiswahili, kisha ijaribu kwa "hu-". "Sokwe hujenga kiota kipya kila jioni" inakaa vizuri, basi ni "A chimpanzee builds a new nest every evening." Usiitegemee "-na-", maana "anajenga" yaweza kuwa desturi au sasa hivi. Kama mnamtazama akijenga, sema "is building". Ila "ninajua", "ninataka" na "ninapenda", hata zisipokubali "hu-", ni "I know", "I want", "I like".

2. Kwa I, you, we na they, kitenzi hakibadiliki: "They eat fruit."

3. Kwa he, she, it au mmoja yeyote, ongeza "s". Catch huwa "catches", carry huwa "carries", lakini play hubaki na "y" yake: "plays". Mfano mzuri kwa wageni ni huu, jambo ambalo mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliliona Gombe mwaka 1960: "A chimpanzee catches termites with a grass stem."

4. Kukanusha na kuuliza. Hapa tulikaa sana, na hapa ndipo wengi wanapokwama, hata waliomaliza kidato cha nne. Ukishaweka "does", ile "s" imehamia humo. Kitenzi kinarudi kama kilivyo kwenye kamusi. "It does not sleeps" ni kosa, sema "It does not sleep." Has nayo inarudi kuwa have: "Does a chimpanzee have a tail? No, it does not have a tail." Usiseme "it don't". Kwa I, you, we na they ni "do": "Do they swim?" Lakini "is" na "are" hazihitaji msaada wowote: "Is it dangerous?" Na usichomeke "am" mahali pasipo pake: "I live in Ujiji", si "I am live in Ujiji". Andika sentensi kumi za kukanusha kwa mkono kabla ya kuendelea.

5. Soma kwa sauti mbele ya mtu. "S" isikike mwishoni, bila "i" nyuma yake: "builds", si "buildsi".