Namna ninavyoijaribu dawa ya kupaka ya funza

Dawa ya funza haipimwi kwa kumuuliza mgonjwa anajisikiaje. Mguu ulioshwa na kutunzwa hupata nafuu hata kama dawa yenyewe ni bure kabisa. Mimi namtazama funza: yu hai, au amekufa?

Chagua kwanza funza wa kujaribia. Jike akishazama kwenye ngozi huvimba kwa mayai hadi akafikia ukubwa wa punje ya njegere, kisha hufia humo humo ndani ya wiki 4 hadi 6. Ukimpaka dawa funza mzee atakufa, nawe utaisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na uzee. Chukua wenye duara jeupe na kitone cheusi katikati. Waliokauka wakawa weusi, usiwahesabu.

Mpango ninaoupenda ni mguu kwa mguu. Mtu ni yule yule na vumbi ni lile lile. Mguu mmoja unapata dawa mpya, wa pili ile iliyozoeleka. Rusha sarafu, maana ukichagua mwenyewe, dawa unayoipenda utaipa mguu wenye afadhali. Chora nyayo kwenye karatasi, kila funza mpe namba yake. Wapya wataingia tu. Usiwachanganye na hao. Na pini zikae mbali: funza aliyetobolewa hana ushahidi wa kutoa.

Kuangalia ndiko kwenye kazi. Shika lenzi, kodolea kile kitone bila haraka. Mimi huupa kila mguu robo saa. Aliye hai hupwita, hutoa uzi wa kinyesi, hutoa majimaji au hutema yai. Dalili moja yatosha kuandika "hai". Anayeangalia asijue mguu upi ulipakwa nini, na kwa kuwa mafuta hung'aa, mtu mwingine aipanguse miguu yote miwili kabla yeye hajaingia.

Hesabu tena siku ya 7. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha hivyo dimetikoni, mafuta ya silikoni yanayomziba funza njia ya hewa, na maji ya pamanganeti ya potasiamu, ile dawa iliyozoeleka: waliokufa walikuwa asilimia 78 kwa 39.

Usianze bila kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya mzazi kama ni mtoto. Ulizia pia chanjo ya pepopunda. Hesabu ikifungwa, dawa iliyoshinda ipakwe miguu yote miwili.