Kichwa Kigeni Kwenye Treni ya Mizigo: Namna ya Kukitambua Bila Kubahatisha

Nina picha moja ninayoitunza ili initie adabu. Inaonyesha kichwa cha treni cha umeme, kipya, kinang'aa, kimepachikwa katikati ya mabehewa ya nafaka kwenye njia isiyo na hata waya mmoja juu yake. Siku ile niliapa mbele ya wapenda treni wenzangu kwamba nimeona jaribio la siri la kichwa cha betri. Nilichora hadi mchoro wa mahali betri zilipokaa. Jioni mzee mmoja, mstaafu wa karakana, aliitazama picha kidogo tu, akaweka kidole juu ya pantografu, ule mkono wa paani unaochukua umeme kwenye waya. "Imefungwa kamba, huoni?"

Kichwa kilikuwa mzigo. Kilikuwa kinapelekwa mahali, kama gunia.

Tangu hapo, nikiona kitu cha ajabu relini siulizi kwanza "hiki ni nini?" Nauliza "kinafanya kazi, au kinabebwa?" Vitendawili vingi ninavyoletewa hufumbuka kwa swali hilo peke yake, kabla hata ya kusoma namba.

Kwa kichwa cha dizeli, tazama hewa iliyo juu ya bomba la moshi. Injini inayounguruma hufanya hewa icheze kama juu ya jiko, hata kama moshi hauonekani. Mdomo wa bomba ukiwa umefunikwa kwa bati au ubao, maliza kesi: kimezimwa, na safari yake ni ndefu. Kwa cha umeme, pantografu ikiwa chini na imefungwa, hali ni hiyo hiyo. Kisha shuka kwenye kiungo, pale chombo kimoja kinaposhikana na kingine. Vichwa viwili vinavyofanya kazi pamoja chini ya dereva mmoja, mbali na mipira ya hewa ya breki, huwa pia na kebo nene ya kupitisha amri kutoka kimoja hadi kingine. Marekani kebo hiyo ina pini 27. Ukiona mipira ya hewa bila kebo, cha nyuma hakipokei amri za cha mbele, na mara nyingi ni abiria tu.

Tahadhari moja. Kichwa kilicho katikati au mkiani mwa treni, hakina mtu ndani, lakini kinanguruma, si mzimu. Huongozwa kwa redio kutoka mbele. Treni ndefu ikivutwa na vichwa vya mbele tu, viungo vya mwanzoni hubeba uzito wote na vinaweza kukatika. Ndiyo maana nguvu hugawanywa. Tarehe 21 Juni 2001, huko Australia Magharibi, kampuni ya BHP iliendesha treni ya madini ya chuma yenye mabehewa 682 na urefu wa zaidi ya kilomita 7. Vichwa 8 vilitawanywa ndani yake, na dereva alikuwa mmoja.

Watazame majirani

Kosa la wapya ni kukikodolea macho kile kitu cha ajabu na kukisahau kilichokitangulia na kinachokifuata. Mimi siku hizi hupiga picha tatu: behewa la mbele yake, chenyewe, na la nyuma yake. Majirani ndio mashahidi.

Behewa tupu na chakavu kati ya kichwa na treni mpya ya abiria, kwa mfano, mara nyingi ni mkalimani. Upande mmoja lina kiungo cha aina moja, upande wa pili aina nyingine. Vichwa vya Ulaya vingi hutumia ndoano ya skrubu na bafa (vizuia mgongano) mbili pembeni, wakati treni nyingi mpya za abiria hutoka kiwandani na viungo vya kujifunga vyenyewe. Haviwezi kushikana mikono, basi anawekwa mtu wa kati.

Behewa lililojaa mchanga kati ya kichwa na msururu wa matangi linasema habari nyingine: kuna kimiminika cha hatari, na dereva anawekewa umbali. Huko Ulaya soma bamba la rangi ya chungwa kwenye tangi. Namba ya chini ndiyo jina la mzigo: 1203 ni petroli, 1005 amonia, 1267 mafuta ghafi. Behewa la jukwaa lisilobeba chochote, lakini mzigo wa jirani umenyoosha pua juu yake, limewekwa kutunza nafasi tu.

Na kama kitu chenyewe kina ekseli nyingi hadi unapoteza hesabu, huenda ni behewa la aina ya Schnabel. Hili hugawanyika mara mbili, kila nusu ikashika mzigo upande wake, na mzigo wenyewe, kwa kawaida transfoma kubwa, ukawa ndiyo kiuno cha behewa. Lile kubwa la Amerika Kaskazini, CEBX 800, lina ekseli 36. Likiwa tupu nusu mbili huunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na ndipo watu huchanganyikiwa zaidi, kwa sababu hawaoni linabeba nini.

Kujua kama behewa la kawaida limejaa au ni tupu hakuhitaji mlango wazi. Tazama springi za bogi, ile fremu ya magurudumu chini ya behewa. Zikiwa zimebanana, lina mzigo. Zikiwa zimeachana, ni tupu. Tena tupu hupiga kelele za debe kwenye maungio ya reli.

Kwa nini kichwa cha kampuni nyingine kiko hapa?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi kuliko yote, na jibu lake mara nyingi ni deni. Reli za Amerika Kaskazini huachiana vichwa mpakani ili treni isisimame kubadilisha. Kichwa cha nguvu za farasi 4,000 kikifanya kazi saa 10 kwenye reli ya jirani, jirani huyo anadaiwa 40,000, zinazohesabiwa kwa saa za nguvu za farasi. Halipi kwa fedha kwanza. Hulipa kwa kutuma vichwa vyake vikafanye kazi kiasi hicho hicho. Kwa hiyo unaweza kuona vichwa vitatu vya rangi ngeni kwenye treni ya makaa ambayo haina uhusiano wowote na mwenye vichwa. Hakuna kampuni iliyonunuliwa usiku. Watu wanalipana.

Rangi nayo hudanganya. Kampuni ya reli ya Marekani, Conrail, iligawanywa kati ya wenzake Norfolk Southern na CSX mwaka 1999, lakini vichwa vya buluu vya Conrail viliendelea kuonekana miaka mingi baadaye, vikiwa na kiraka cha rangi mahali pa jina la zamani. Nikiona kichwa cha rangi ya kampuni iliyokufa nauliza: rangi imechakaa au ni mpya? Iliyochakaa yenye kiraka ni uzembe au ubahili. Mpya na safi ni kumbukumbu: mwaka 2012 Norfolk Southern ilipaka vichwa 20 rangi za kampuni zilizoitangulia. Na kile cha kampuni ya reli ya Union Pacific, namba 4141, kilichopakwa mwaka 2005 kufanana na ndege ya rais wa Marekani, kilikaa kimehifadhiwa miaka kadhaa, kisha Desemba 2018 kikavuta treni ya mazishi ya George H. W. Bush. Aliyekiona njiani bila kusikia habari alikuwa na haki ya kusugua macho.

Sababu nyingine ni safari za kiwandani na majaribio. Kichwa kisicho na jina, chenye rangi ya msingi tu, au kilichowekwa juu ya behewa la jukwaa kwa sababu magurudumu yake ni ya geji (upana wa njia) nyingine, kinatoka kiwandani kwenda bandarini. Kilichojaa nyaya na visanduku vya vipimo huenda kinakwenda au kinatoka kwenye njia za majaribio, kama zile za Velim kule Cheki au Pueblo, Colorado.

Namba, hata iliyofichwa na tope

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapopapenda.

Kwenye reli za Ulaya kila chombo kina namba ya tarakimu 12. Mbili za kwanza ni aina: 91 kichwa cha umeme, 92 cha dizeli, 97 na 98 ni vile vidogo vya kupangia mabehewa, cha umeme na cha dizeli. Mbili zinazofuata ni nchi kilikosajiliwa: 80 Ujerumani, 87 Ufaransa, 81 Austria, 85 Uswisi, 51 Poland. Ya mwisho kabisa, baada ya kistari, ni ya kuhakiki.

Chukua 91 80 6185 001-5, kichwa cha umeme cha mizigo cha Ujerumani. Iweke kando ile 5 ya mwisho. Anzia kushoto: ya kwanza izidishe kwa 2, ya pili iache, ya tatu kwa 2, na kuendelea hivyo. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe: 9 mara 2 ni 18, na 1 na 8 ni 9. Utapata 9, 1, 7, 0, 3, 1, 7, 5, 0, 0, 2. Jumla ni 35. Ili kufika kwenye kumi inayofuata, 40, inatakiwa 5, na ndiyo ile iliyo baada ya kistari.

Utamu uko hapa. Tuseme ile 5 ya katika 6185 imefunikwa na tope. Zilizobaki zinatoa 30. Ongeza 5 ya kuhakiki, ni 35. Kufika 40 inakosekana 5. Umeisoma namba ambayo hukuiona. Kama iliyofichwa ipo mahali pa kuzidishwa, tafuta tarakimu ambayo ikizidishwa na kujumlishwa inaleta kinachokosekana. Ni moja tu kila mara. Zikifichwa mbili, pole, mbinu imekwisha.

Amerika Kaskazini hakuna hesabu hii. Soma herufi zilizo kabla ya namba. Zikiishia na X, kama GATX au UTLX, mwenye chombo si kampuni ya reli. Ni mkodishaji, kiwanda au mfanyabiashara. Zikiishia na U, umesoma kontena, si behewa. Nimeona watu wazima wakibishana wiki nzima juu ya "behewa" ambalo lilikuwa sanduku la meli.

Usiku tumia masikio. Rekodi kwa simu, hata bila picha. Kichwa cha Siemens kiitwacho Taurus, kwa mfano, hupanda ngazi ya muziki kinapoanza kuondoka, na hakuna haja ya kukiona.

Kuhusu kusimama: kaa mbali na reli, mahali panaporuhusiwa, na kumbuka mizigo mipana hutokeza nje ya behewa kuliko unavyodhani. Na treni yenye walinzi wenye silaha simtangazii mtu iko wapi.

Mwisho, andika ulichoona kabla ya unachofikiri, kwa kalamu ya risasi maana wino hauvumilii mvua. Nina mstari mmoja wa daftari ninaojivunia: "Saa 11:40 jioni. Kati ya vichwa viwili vya dizeli, kitu kifupi, kimekatwa kimo, hakina feni, hakina bomba la moshi. Kebo nene zinatoka kwa jirani. Zege linaonekana ndani. Kinasukuma?" Kilikuwa slagi: kichwa kilichotolewa injini, kikajazwa zege kwa uzito, kikabakiziwa mota za magurudumu zinazokula umeme wa jirani yake. Mzee wa karakana alisoma mstari huo, akanirudishia daftari, na safari hii hakunyoosha kidole.