Kushona Ala ya Ngozi kwa Kisu Kidogo cha Mfukoni

Mvuvi wa Lamu anayevaa kikoi huchomeka kisu chake kiunoni, kwenye mkunjo wa nguo, na hukijua kilipo kwa sababu kinamgusa mwilini. Sisi tunaoingia mashuani na suruali za mifuko tuna tabia mbaya zaidi: tunakiviringisha kisu kwa kipande cha gazeti, tunakitia mfukoni, kisha tunakisahau mpaka tunapokaa. Maelekezo haya ni ya ala ya ngozi inayokaa ndani ya mfuko, kwa kisu kisichokunjwa chenye bapa la sentimita 8 hadi 10, kile cha kukatia mshipi na kupaa samaki. Ala hiyo inatakiwa ifunike makali na ncha, ikishike kisu kisitoke chenyewe unapoinama kuvuta kamba, na ibaki mfukoni pale unapokichomoa. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa na wengi, nao hujikuta wameshika kisu na ala yake kwa pamoja, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kamba.

Ngozi ndiyo inayoamua kila kitu, kwa hiyo usiharakishe kuichagua. Unahitaji ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 2 hadi 3, iliyotengenezwa kwa maganda ya miti na si kwa chumvi za kromiamu. Maganda ya mkoko yana tanini nyingi, na zamani yalisafirishwa kutoka pwani hii kwenda kutengenezea ngozi nchi za mbali. Ngozi ya maganda ikilowa huwa laini kama unga uliokandwa, na ikikauka hubaki na umbo ulilolipa. Ile ya kromiamu hubaki laini siku zote na haishiki umbo, ingawa kwa mikoba ni nzuri. Ili kuzitofautisha, kata ukingo uutazame: ngozi ya maganda ina rangi ya kahawia mpaka ndani, ilhali ile nyingine mara nyingi ina kijivu au samawati katikati. Tone la maji likidondoshwa upande laini wa ngozi ya maganda hunywewa na kuacha doa jeusi. Mafundi wa makubadhi huwa na vipande vinavyobaki baada ya kukata nyayo, na kipande cha ukubwa wa kitabu cha shule kinatosha.

Zaidi ya ngozi, tafuta uzi wa nailoni wa kushonea viatu, sindano mbili zenye ncha butu, nta ya nyuki, chuma chembamba cha kutobolea, gundi ya viatu, msasa, na vibanio vya nguo. Sindano ya tanga ni nene mno kwa kazi hii. Nimeijaribu, ikaacha matundu yanayopitisha mwanga.

Anza na karatasi ngumu. Ikunje katikati, ulaze kisu mgongo wake ukiwa kwenye mkunjo, kisha uchore kukizunguka, ukiacha milimita 15 upande wa makali na ukipandisha mdomo wa ala mpaka ufunike sentimita 3 za mpini. Usiache mdomo uishie kwenye bapa, kwa sababu kinachokishika kisu ndani ya ala ya namna hii si kamba wala kifungo, bali ngozi iliyoubana mpini. Upande wa makali, kwenye mdomo, ongeza sikio dogo lililochongoka kuelekea nje na chini, mfano wa ndoana isiyo na ncha. Unapochomoa kisu, sikio hilo hukwama kwenye ukingo wa mfuko na kuizuia ala. Kata karatasi, ijaribu mfukoni mwa suruali utakayoivaa kazini, na urekebishe sasa, kwa kuwa karatasi haina bei.

Unapohamishia umbo kwenye ngozi, amua upande upi utazame nje. Mafundi wengi hutoa nje upande laini kwa ajili ya uzuri, lakini kwa ala ya mfukoni napendelea upande wa nyama, ule wenye nyuzinyuzi, uwe nje, kwa kuwa mkwaruzo wake hushikana na kitambaa na ala haizunguki, na upande laini ubaki ndani ambako kisu kinateleza bila kukwaruzwa. Si nzuri ya kutazama. Lakini nani ataitazama?

Sasa inakuja sehemu ambayo niliidharau, na iliyonigharimu suruali moja na mishono mitatu ya daktari pajani. Ala yangu ya kwanza niliikunja, nikaipaka gundi, nikaishona ukingoni, basi. Kila nilipokirudisha kisu, makali yalipita juu ya uzi na kuukata kidogo kidogo, mpaka siku moja nilipokuwa nikishuka ngazi za gati ya Shela mshono ukaachia. Nilimpelekea fundi mmoja wa viatu masalia yake, akayageuza mkononi na kuniambia, "Mwanangu, umeweka uzi mahali pa makali." Kilichokosekana ni utepe wa kati: kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 10 kinachofuata ukingo wote wa makali, kuanzia mdomoni hadi karibu na ncha, kikiwa kimelazwa baina ya kuta mbili za ala. Makali yanapokwenda upande huo hukutana na utepe kwanza, na uzi hukaa nyuma yake kwa usalama. Pia utepe huipa ala nafasi ya kupokea unene wa bapa bila kuvuta mshono. Upunguze unene wake kwa kisu kikali pale unapokaribia ncha, na uache mwanya wa milimita 3 chini kabisa, ili maji ya bahari na mchanga vipate pa kutokea.

Paka gundi kwenye utepe na kwenye kingo tu, bana kwa vibanio, acha ikauke, kisha sawazisha ukingo kwa msasa mpaka tabaka tatu zionekane kama ngozi moja. Piga mstari milimita 4 kutoka ukingoni na utoboe matundu kila baada ya milimita 5, chuma kikisimama wima ili tundu la nyuma lisipotee njia. Kata uzi wenye urefu wa mara nne ya mshono, upitishe kwenye nta, na utie sindano kila mwisho. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, moja kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, kisha unavuta pande zote kwa nguvu zilizo sawa. Mshono wa namna hii ukikatika mahali pamoja haufumuki wote, kwa sababu uzi wa upande wa pili unabaki kushika. Rudi nyuma matundu matatu kabla ya kukata.

Kisu kipake mafuta, kiviringishe kwa karatasi ya nailoni tabaka mbili, nayo ala itumbukize kwenye maji vuguvugu mpaka mapovu yaishe kutoka. Maji ya moto yatainyausha ngozi na kuifanya iwe kama ganda. Ingiza kisu, kisha kwa vidole na mgongo wa kijiko finyanga ngozi kuzunguka mpini, hasa pale mpini unapokutana na bapa, mpaka uone umbo lake limejitokeza nje. Tundika kivulini penye upepo. Wakati wa kaskazi siku moja inatosha. Katika mvua za masika ipe siku mbili au tatu, na usishawishike kuianika juani.

Ikikauka, yeyusha nta ya nyuki na mafuta kidogo ya nazi ndani ya kikopo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, usiweke kikopo moja kwa moja juu ya jiko, na upake safu nyembamba nje. Mafuta yakizidi, ngozi hulegea na kazi yote ya kufinyanga huharibika.

Jaribio ni hili: geuza ala kichwa chini juu ya meza, bila mkono wala mguu wa mtu chini yake, uitikise mara tano. Kisu kikianguka, lowesha mdomo na ufinyange tena. Unapochomoa, usiizungushie ala vidole upande wa mshono, hata kama unaamini utepe wako. Mfuko wenye kisu usitiwe kitu kingine, wala funguo wala simu. Na siku unayovuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda, kiache nyumbani.

Ukirudi baharini suuza kisu kwa maji ya kisima, kikaushe, kipake mafuta, na ukilaze nje ya ala, kwa kuwa ngozi hunywa chumvi na unyevu na kuvigusisha kwenye chuma usiku kucha. Yangu hutundikwa kwenye msumari wa shaba kando ya dirisha la jikoni, mdomo ukitazama chini, na kisu hulala kwenye kibao chini yake.