Kabla hujaweka pip, ikague mashine yako kwanza

Swali ninaloulizwa kila Jumamosi pale Sinza, Dar es Salaam, ninapowasaidia vijana wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni lile lile: "Bro, pip inawekwaje?" Nami huwajibu kwa swali: una uhakika huna? Maana mara nyingi wanayo, ila hawajui ilikojificha. Tangu Python 3.4 iliyotoka mwaka 2014, ukiishusha Python kutoka python.org, pip inakuja humo humo, kama chaja ilivyokuwa ikija ndani ya boksi la simu enzi zile.

Kwa asiyeifahamu, pip ndiyo programu inayokwenda kwenye ghala kuu la Python liitwalo PyPI, ikachukua maktaba uliyoitaja (yaani msimbo ambao wengine wameshauandika, wewe unautumia tu) pamoja na nyingine zote ambazo maktaba hiyo inazitegemea, ikaziweka kwenye mashine yako. Ian Bicking aliianzisha mwaka 2008. Kuiweka kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Kinachomaliza siku nzima ni kuanza kuiweka kabla hujajua umekalia mashine gani.

Basi kabla hata ya kuwasha data, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, au Command Prompt kama uko Windows, uandike:

python3 -m pip --version

Kwenye Windows iwe py -m pip --version. Ikikujibu, soma mstari wote, usiishie kwenye neno la kwanza. Ikianza na pip 24.0, ikataja njia ya /usr/lib/python3/dist-packages na kumalizia na python 3.12, hiyo ni Ubuntu 24.04, mfumo wa familia ya Linux, na pip iliyokuja na mfumo. Namba ya mwanzo ni toleo la pip, njia ya katikati ni mahali inapokaa, na mwishoni ni Python inayoihudumia. Huko mwishoni ndiko wanakokwama wengi. Mashine moja inaweza kuwa na Python tatu, kila moja na pip yake. Unaweka maktaba kwa pip ya huku, unaendesha programu kwa Python ya kule, halafu ModuleNotFoundError, yaani Python haiioni maktaba, inakukodolea macho na wewe unaapa kwamba uliiweka. Na kweli uliiweka, ila nyumba ya jirani. Ndiyo maana siandiki pip kavukavu. Naandika python3 -m pip, nikiwa nimeshachagua Python ninayoikusudia.

Kama haikujibu kitu, sasa tuikague mashine yenyewe.

Kompyuta nyingi tunazotumia hapa mjini ni za mtumba. Zimefanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi za watu ng'ambo ndipo zikatua Kariakoo, zikafutwa vumbi na kuwekwa Windows ambayo fundi alikuwa nayo kwenye flashi siku hiyo. Kwa hiyo usidhani, angalia. Ingia Settings, kisha System, kisha About, usome vitu viwili: toleo la Windows, na kama ni ya biti 64 au 32. Python 3.9 na zilizofuata hazikubali Windows 7. Toleo la mwisho linaloingia huko likiwa na faili la kusakinisha tayari ni 3.8.10, na pip za karibuni zimeshaacha kuihudumia 3.8. Python 3.13 inataka Windows 10 kwenda juu. Nimekutana pia na mashine ambazo prosesa ni ya biti 64 lakini Windows iliyowekwa ni ya 32. Hapo numpy, maktaba ya hesabu, utaipata, ila PyTorch, ile ya akili bandia, sahau. Badilisha Windows kwanza, mengine baadaye.

Halafu kuna saa. Hili nalisimulia kwa sababu lilinila muda. Dada mmoja alikuja kutoka Mbagala, akatoa laptop kwenye mkoba, akasema pip imegoma wiki nzima. Kweli, kila akiandika pip install, maandishi mekundu yanajaa kioo, katikati yake CERTIFICATE_VERIFY_FAILED. Tukaitoa Python, tukaishusha upya, tukaiweka upya. Bado. Tukabadilisha simu iliyokuwa ikitupa intaneti. Bado. Dakika arobaini zimekatika ndipo macho yangu yakaangukia pembe ya chini kulia: 1 Januari 2012. Ile betri ndogo ya mviringo inayotunza saa ya mashine ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ikizimwa kabisa tarehe inarudi nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa kompyuta inayoamini tuko 2012, cheti cha PyPI bado hakijazaliwa. Tukasahihisha tarehe, pip ikateremka kama maji. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea mashine, naanza kusoma saa kabla hata ya kuuliza jina lake.

Jingine la mtumba ni nenosiri la msimamizi. Unaanza kusakinisha, kinatokea kisanduku kinachodai nenosiri ambalo analijua mwenye mashine wa zamani peke yake. Kwa Windows si mwisho wa dunia: kisakinishi cha python.org kinaweza kuweka Python kwenye akaunti yako tu, bila ruhusa ya msimamizi. Ukurasa wake wa kwanza una kisanduku chini kinachoomba mamlaka ya msimamizi kwa ajili ya py.exe, ile programu inayoitikia ukiandika py, kiondolee tiki, uendelee.

Sasa tuje kwenye bando, na hapa Kiswahili chetu kimetufanyia mzaha. Kifurushi ni zile GB unazonunua kwenye simu, na kifurushi ni hiyo hiyo maktaba unayoishusha kwa pip. Kimoja kinamla mwenzake. Kisakinishi cha Python cha Windows ni kama MB 30 hivi, na numpy na pandas ni makumi ya MB tu. Hizo hazimuumizi mtu. Linaloumiza ni kuandika pip install torch kwenye Linux bila kufikiri. Inakuja na mizigo yote ya kadi za picha za NVIDIA, ukijumlisha ni zaidi ya GB 2, na laptop yako haina hata hiyo kadi. PyTorch wana toleo la prosesa ya kawaida, ambalo halifiki hata robo ya mzigo huo; unaongeza tu --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu mwishoni mwa amri. Ukurasa wa kila maktaba kule PyPI una sehemu ya mafaili yenye ukubwa wa kila moja. Pita hapo kwanza, kama unavyouliza nauli kabla ya kupanda bajaji.

Kama intaneti unaipata kwa simu, iambie pia Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, uwashe "Metered connection". Usipofanya hivyo, Windows inaona mtandao umefunguka, inaanza kujishushia masasisho yake kimyakimya, na wewe unailaumu pip kwa GB ambazo haikugusa.

Ila njia ninayoipenda zaidi ni ya flashi. Mmoja wenu mwenye intaneti nzuri, ofisini au chuoni, aandike:

python3 -m pip download -d vifurushi pandas matplotlib

Pip itashusha kila kinachohitajika na kukiweka kwenye folda iitwayo vifurushi bila kusakinisha chochote. Folda hiyo inaingia kwenye flashi, na kila atakayeipokea anaandika:

python3 -m pip install --no-index --find-links=vifurushi pandas matplotlib

Hakuna MB hata moja inayotumika. Mei 2024, nyaya za intaneti zilizolazwa baharini zilipokatika na mtandao ukawa unasuasua mji mzima, darasa letu liliendeshwa na flashi ya namna hii. Sharti ni moja, nalo halina huruma: mashine inayoshusha na inayopokea zifanane mfumo, aina ya prosesa na toleo la Python. Mafaili yenyewe, yale yanayoishia na .whl, yana hayo yote kwenye majina yao. Ukiona cp312 na win_amd64, hilo ni la Python 3.12 kwenye Windows ya biti 64. Mwenye Mac asihangaike nalo.

Chaji betri kabla hujaanza, au angalia LUKU ina uniti ngapi. Betri za mtumba mnazijua.

Kwa Windows lililobaki ni tiki moja. Ukurasa wa kwanza wa kisakinishi una maneno "Add python.exe to PATH", na kisanduku chake huwa kitupu. Kitie tiki kabla ya kubonyeza kingine chochote, maana bila hiyo Command Prompt haitajua python iko wapi. Ukiandika python ikakufungulia duka la Microsoft, usishtuke. Windows ina njia zake za mkato zinazompeleka dukani asiye na Python. Tafuta "App execution aliases" kwenye Settings uzizime, au tumia tu py. Na PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, ikikukatalia kuwasha mazingira pepe (nitayaeleza chini kidogo) kwa kisingizio cha sera ya usalama, nenda Command Prompt ya kawaida, huko haina maneno mengi.

Linux inataka adabu zaidi, na hapa nakiri kosa langu. Miaka hiyo nikiwa nimeanza Ubuntu, niliona Python iliyomo ni ya zamani, nikaona niifute niweke mpya. Nikaandika sudo apt remove python3, yaani nikaiamuru apt, inayoweka na kuondoa programu Ubuntu, iifute Python kwa mamlaka ya msimamizi. Apt ikaniorodheshea majina yasiyo na mwisho ya vitu vitakavyoondoka navyo, nikabonyeza Y bila kusoma. Nilipowasha tena, hakuna dirisha, hakuna panya, maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi. Python ya Ubuntu haikuwekwa kwa ajili yako. Mfumo wenyewe unaitegemea kwa shughuli zake. Usiifute na usiichokoe kwa sudo pip.

Kwa sababu ya watu kama mimi, tangu Debian 12 ya mwaka 2023, Linux ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, na Ubuntu za kuanzia mwaka huo huo, ukijaribu kuweka maktaba moja kwa moja kwenye Python ya mfumo pip inakataa, inakuandikia externally-managed-environment. Mitandaoni utaambiwa uongeze --break-system-packages. Hata jina la amri yenyewe linakuonya kwamba utauvunja mfumo, sasa unataka nini tena? Fanya hivi: weka python3-pip na python3-venv kwa apt, ingia kwenye folda ya kazi yako, uandike python3 -m venv .venv, kisha source .venv/bin/activate. Hayo ndiyo mazingira pepe, kachumba ka kazi hiyo tu. Ukiharibu, unafuta folda, unaanza upya, Ubuntu haina habari. Kwenye Windows amri ya kuwasha ni .venv\Scripts\activate.

Ya bando kwa watu wa Ubuntu na Debian: python3-pip inapendekeza zana za kukompaili, yaani za kuigeuza maktaba kutoka msimbo wake wa asili, zije pamoja nayo, na hizo ni nzito. Ukiongeza --no-install-recommends kwenye apt install, haziji. Utazihitaji siku ukikutana na maktaba isiyo na faili la .whl kwa mashine yako, kwa hiyo ujue unachokiacha.

Mac sina mengi. Apple waliiondoa Python 2.7 kwenye macOS 12.3 mwaka 2022, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayokuambia uandike python tupu hayafanyi kazi. Ukiandika python3 kwenye Mac mpya, kinatokea kisanduku kinachotaka kushusha zana za wasanidi za Apple. Huo si mzigo wa bando la siku. Ahirisha, chukua kisakinishi cha python.org. MacBook Pro za katikati ya 2012, ambazo bado zinazunguka sana kwenye mtumba, zinaishia macOS 10.15, na Homebrew, zana ya kuwekea programu kwenye Mac, haihudumii tena mifumo ya umri huo, lakini kisakinishi cha Python 3.13 kinaikubali.

Kabla ya pip install ya kwanza, andika pembeni majina ya maktaba unazozitaka, kwa herufi zake kamili. Jina la kwenye programu na jina la ghalani mara nyingi ni tofauti: unaandika import cv2 lakini unaagiza opencv-python, unaandika sklearn lakini unaagiza scikit-learn, PIL inapatikana kwa jina la Pillow. Na mtu yeyote anaweza kupandisha kitu PyPI. Desemba 2019 iligunduliwa maktaba iitwayo jeIlyfish, ikijifanya ni jellyfish, ambayo herufi ya tatu ilikuwa I kubwa badala ya l ndogo, na ndani yake mlikuwa na msimbo wa kuiba funguo za SSH na GPG, zile za siri za kuingilia kompyuta za mbali na kusaini kazi yako. Yatazame hayo majina mawili tena kwenye kioo chako uone kama unayatofautisha. Mimi siandiki jina kwa kukumbuka. Nafungua nyaraka za maktaba yenyewe, nanakili, nabandika, nasoma mara ya pili, ndipo nabonyeza Enter.